Usiahidi Rejesho Usiloliweza: Hotuba kwa Wanaofuatwa na Wakusanya Madeni

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana, ndugu zangu mliofika kusikiliza,

Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu jambo ambalo watu wengi hulibeba kimya, nalo ni simu na barua za wakusanya madeni wanaodai mkopo wa zamani, tena wanaotaka ulipwe kwa rejesho ambalo mdaiwa hana uwezo nalo. Naomba niseme tangu mwanzo neno ambalo hotuba yangu yote italizunguka. Kiasi cha rejesho hupangwa kutokana na kipato cha mdaiwa baada ya kuondolewa mahitaji yake ya lazima. Hakipangwi na tarehe ya mwisho iliyotajwa kwenye simu, wala na ukali wa sauti ya aliyepiga. Mdaiwa anayeahidi asichokuwa nacho, kwa hofu au kwa aibu, hujitwisha mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza, kwa sababu ahadi yake ikivunjika itaandikwa kwenye kumbukumbu za anayemdai na kutajwa katika kila mazungumzo yatakayofuata.

Sisemi haya ili kumfundisha mtu yeyote kukwepa deni. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, nami sina ubishi nao. Ila dawa ina kipimo chake, na mgonjwa anayemeza ya mwezi mzima kwa siku moja ili apone haraka hujiumiza zaidi. Nimewasikiliza wadaiwa wengi waliokubali rejesho kubwa mno kwa nia njema kabisa, wakalipa mara mbili au tatu kwa kukopa mahali pengine, kisha wakajikuta na wadai wawili badala ya mmoja na kodi ya nyumba isiyolipwa. Hao hawakuwa watu wasiojali madeni yao. Walikosea kwa kujali kupita uwezo wao.

Kwanza ni lazima tumfahamu anayepiga simu, maana watu wawili wanaozungumza kwa namna ileile wanaweza kuwa na nafasi tofauti kabisa. Wapo mawakala waliopewa kazi na mkopeshaji mwenyewe, ambao hulipwa kamisheni kwa kila kiasi wanachokusanya. Hao hawalimiliki deni, na aghalabu hawana mamlaka ya kupunguza msingi, yaani fedha halisi zilizokopwa, wala kusamehe riba bila kumrudia aliyewatuma. Wapo pia wanunuzi wa madeni, yaani kampuni zilizonunua kutoka kwa mkopeshaji furushi la mikopo chechefu (iliyoacha kulipwa) ambayo amekwisha kuifuta vitabuni mwake, na ambazo sasa zinadai kwa jina lao zenyewe. Kadiri mkopo unavyozeeka ndivyo uwezekano wa kukutana na mnunuzi wa deni unavyoongezeka, na wakati mwingine deni moja huwa limeuzwa zaidi ya mara moja, kila mara likiacha sehemu ya nyaraka zake njiani.

Inafaa tujue mauzo hayo hufanyika kwa bei gani. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilichapisha uchunguzi kuhusu kampuni kubwa za kununua madeni, uliogusa akaunti za wateja zinazokaribia milioni 90. Kwa wastani kampuni hizo zilikuwa zimelipa senti 4 kwa kila dola moja ya deni, na kwa madeni yenye umri wa kati ya miaka 6 na 15 bei ilishuka hadi senti 2 na ushei. Silitaji hili ili mdaiwa adharau anachodaiwa, kwa kuwa aliyelinunua deni kihalali amenunua pia haki ya kulidai lote. Nalitaja kwa sababu mdaiwa huambiwa kwamba rejesho dogo haliwezekani kwa vyovyote vile, akaamini kwamba anayemwambia hivyo atapata hasara akilikubali. Mara nyingi mambo hayako hivyo, na mdaiwa anayelijua hilo husimama imara zaidi anapotaja kiasi anachokiweza.

Simu ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa, na hatari yake imo katika haraka. Mkusanya madeni hutaka jibu papo hapo: utalipa kiasi gani, leo saa ngapi, kwa njia ipi. Mdaiwa hana wajibu wa kujibu lolote kati ya hayo katika simu hiyo. Anachopaswa kufanya ni kuandika jina la anayepiga, kampuni yake, namba aliyotumia, tarehe na saa, kisha aseme kwa adabu kwamba hatajadili deni hilo mpaka apate maelezo yake kwa maandishi. Asikiri kuwa deni ni lake, asitoe namba ya akaunti yake ya benki, wala asitaje mahali anapofanya kazi ikiwa hajaulizwa na mtu mwenye haki ya kuuliza. Akiambiwa kwamba nafasi hii ni ya mwisho na kesho hatua kali zitachukuliwa, akumbuke kwamba deni lililosubiri miaka mingi linaweza kusubiri barua moja.

Katika barua yake aombe mambo ya msingi: nakala ya mkataba wa mkopo, jina la mkopeshaji wa awali, uthibitisho kwamba anayedai ndiye mwenye deni sasa au ametumwa na mwenyewe, tarehe ya rejesho la mwisho lililopokelewa, na mchanganuo unaoonyesha msingi, riba, faini za ucheleweshaji na gharama nyingine kila moja peke yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 kuhusu mwenendo wa wakusanya madeni inampa mdaiwa siku 30 tangu apate taarifa ya deni ili alipinge kwa maandishi, na mkusanyaji akishapokea pingamizi hilo lazima asimamishe ukusanyaji mpaka alete uthibitisho. Ule uchunguzi wa 2013 nilioutaja uligundua kwamba, katika madeni yaliyopingwa na wateja, wanunuzi walithibitisha karibu nusu tu. Nchi nyingi hazina kanuni iliyoandikwa kwa namna hiyo, lakini ombi lenyewe halihitaji sheria maalumu. Mtu yeyote anayetaka kulipwa ana wajibu wa kuonyesha anadai nini, na mwenye nyaraka hasumbuki kuzitoa.

Ombi hilo pia huwachuja matapeli. Orodha za wadaiwa wa zamani huvuja na kuuzwa, na wapo wanaopiga simu wakijua jina la mtu na mkopo aliowahi kuchukua, ingawa deni lenyewe lilikwisha kulipwa au halikuwahi kuwapo. Anayekataa kutoa anwani ya ofisi, anayetaka fedha ziingie kwenye akaunti ya mtu binafsi, au anayeahidi kufuta deni lote endapo utalipa ndani ya saa moja, huyo asipewe hata senti mpaka mkopeshaji wa awali, akitafutwa kwa anwani ambayo mdaiwa mwenyewe anaijua, athibitishe kwamba deni lipo na limekabidhiwa kwa huyo anayedai.

Sasa nizungumzie umri wa deni, na hapa naomba utulivu wenu kwa kuwa wengi hupoteza haki yao mahali hapa bila kujua. Karibu kila mfumo wa sheria huweka ukomo wa muda wa kufungua kesi ya madai. Katika Uingereza na Wales, kwa mikopo ya kawaida isiyo na dhamana, ukomo huo ni miaka 6 chini ya sheria ya mwaka 1980; Scotland ni miaka 5; na nchini Kenya na Tanzania madai yanayotokana na mkataba nayo yana ukomo wa miaka 6. Matokeo ya muda kupita hayafanani. Scotland deni lenyewe hufa, ilhali katika Uingereza na Wales deni hubaki lakini mdai hawezi tena kulilazimisha mahakamani mdaiwa akiutaja ukomo huo katika utetezi wake. Marekani kila jimbo lina miaka yake, na tangu Novemba 2021 kanuni za shirikisho zinamkataza mkusanya madeni kumshtaki mtu, au hata kutishia kumshtaki, kwa deni ambalo muda wake wa kisheria umepita.

Hatari iliyopo ni kwamba saa ya ukomo huo inaweza kuanzishwa upya. Katika mifumo mingi, mdaiwa anapolipa hata sehemu ndogo ya deni, au anapokiri kwa maandishi kuwa anadaiwa, muda huanza kuhesabiwa upya kutoka siku hiyo. Mtu aliyekaa miaka mitano na miezi kadhaa bila kulipa, kisha akatuma kiasi kidogo kwa sababu ameombwa aonyeshe nia njema, huenda amempa anayemdai miaka mingine sita ya kufungua kesi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba, kwa mkopo wa zamani, swali la tarehe ya rejesho la mwisho litangulie malipo yoyote, hata yawe madogo namna gani, na lipelekwe kwa mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria kama jibu lake halieleweki. Kama tayari kuna hukumu ya mahakama juu ya deni hilo, basi ukomo wa kufungua kesi hauhusiki tena, kwa kuwa hukumu ina muda wake wa utekelezaji ambao kwa kawaida ni mrefu zaidi.

Najua wapo watakaouliza kama ni uungwana kutumia ukomo wa muda ilhali mtu alikopa kweli. Hilo ni swali la dhamiri na kila mmoja atalijibu mwenyewe. Kwa maoni yangu, sheria iliweka ukomo kwa sababu mtu hawezi kutarajiwa kutunza risiti na kumbukumbu maisha yake yote, na kwa sababu anayedai naye ana wajibu wa kudai kwa wakati. Anayechagua kulipa deni lililopitwa na muda ana haki kamili ya kufanya hivyo, mradi achague akijua, na asisukumwe na mtu aliyemficha ukweli.

Kiasi kinachodaiwa nacho kichunguzwe. Mkopo wa zamani hurudi ukiwa na sura ambayo mkopaji haitambui, kwa maana riba imelimbikizwa juu ya riba, na faini na gharama za ukusanyaji zimeongezwa bila maelezo. Gharama ambayo haimo katika mkataba wala katika sheria inaweza kupingwa. Afrika Kusini, na Kenya kwa upande wa mikopo ya benki, zimeweka kanuni ya kuzuia riba isikue bila kikomo baada ya mkopo kuacha kulipwa: riba inayolimbikizwa kuanzia hapo haiwezi kuupita msingi uliokuwa umebaki wakati huo. Mdaiwa anayeishi mahali penye kanuni ya namna hiyo anaweza kukuta kwamba sehemu kubwa ya kinachodaiwa haidaiki kisheria.

Tuseme sasa uchunguzi umekwisha, deni ni lake, halijapitwa na muda, na kiasi ni sahihi. Hapo ndipo swali la rejesho linapoanza, na hapo ndipo ningependa tukae zaidi.

Mdaiwa achukue karatasi aandike kipato chake chote cha mwezi, kile anachokipata kwa uhakika, bila kuhesabu bahati wala ahadi za watu. Chini yake aandike matumizi ya lazima kwa ukweli: nyumba, chakula, nauli ya kwenda kazini, maji na umeme, matibabu, mahitaji ya watoto. Aandike pia yale yanayotokea mara moja kwa mwaka, ayagawe kwa miezi 12, kwa sababu bajeti nyingi za wadaiwa huvunjwa na gharama ambayo kila mtu alijua itakuja lakini hakuna aliyeiandika. Tuchukulie kipato ni sehemu 100. Nyumba imechukua 30, chakula 34, nauli 11, watoto na matibabu 13, maji, umeme na simu 5. Imebaki 7. Katika hizo 7, sehemu 2 ziwekwe kando kwa dharura, kwa sababu mtu asiye na akiba yoyote hukopa tena siku mtoto anapougua. Zimebaki 5, nazo ndizo zinazoweza kugawanywa kwa wadai wote.

Sasa mkusanya madeni anataka 25. Hakuna namna ya kuipata 25 kutoka katika 5, isipokuwa kwa kuichukua kwenye nyumba, chakula au nauli, au kwa kukopa. Akiichukua kwenye nyumba, mwezi wa tatu anafukuzwa. Akiichukua kwenye nauli, anapoteza kazi, na hata ile 5 inatoweka. Akikopa, tena kwa riba kubwa kama ilivyo kawaida ya mikopo ya haraka, mwakani atadaiwa zaidi ya leo. Kwa hiyo rejesho la 25 halimfai hata anayelidai. Litakoma baada ya miezi michache, na kila upande utakuwa umepoteza. Hesabu hii ndiyo silaha ya mdaiwa, na ni hesabu ambayo mkusanya madeni hawezi kuipinga kwa kupandisha sauti.

Ikiwa wadai ni wengi, mgawanyo ufuate haki. Yapo madeni ambayo kutolipwa kwake huleta madhara makubwa upesi, kama malimbikizo ya kodi ya nyumba, mkopo wenye dhamana ya nyumba au chombo cha kazi, kodi ya serikali, matunzo ya mtoto yaliyoamriwa na mahakama, na rejesho lililokwisha kuamriwa katika hukumu. Hayo yatangulie hata kama wanaoyadai ni wapole. Kinachobaki kigawanywe kwa wadai wengine kwa uwiano wa madeni yao: ikiwa baada ya madeni ya kwanza imebaki 4, na wadai wawili wanadai mmoja robo tatu na mwingine robo ya jumla, basi wa kwanza apewe 3 na wa pili 1. Mdai anayepiga simu mara nyingi zaidi asipate zaidi kwa sababu hiyo tu. Hili ni gumu kutekeleza kuliko kusema, kwa maana moyo wa binadamu hutaka kumnyamazisha anayepiga kelele.

Pendekezo lipelekwe kwa maandishi, likiambatana na karatasi ya bajeti. Maneno yake yawe ya kawaida: nimepokea madai yenu, hiki ndicho kipato changu na haya ndiyo matumizi yangu ya lazima, ninaweza kulipa kiasi hiki kila mwezi kuanzia tarehe hii, siku chache baada ya kupata mshahara, ninaomba riba na faini zisimamishwe wakati ninalipa, maana vinginevyo deni litakua kuliko malipo, ninaomba jibu lenu kwa barua. Ombi la kusimamisha riba lisisahaulike hata kidogo. Rejesho dogo lisilofikia riba ya mwezi linaweza kulipwa miaka 10 na deni likabaki palepale au likakua, nao ni uchovu unaovunja mioyo ya watu waaminifu kuliko kitu kingine chochote nilichokiona katika mambo ya madeni.

Huenda jibu la kwanza likawa hapana. Mkusanyaji amefundishwa kukataa kiasi cha kwanza kinachotajwa, na mara nyingi ana lengo la mwezi la kutimiza. Mdaiwa asiongeze kiasi kwa sababu amekataliwa. Aulize kwa barua ni kifungu kipi cha bajeti yake wanachoona kipunguzwe, na aombe suala lake lipelekwe kwa msimamizi. Kwa deni ambalo hakuna shaka kuwa ni lake na halijakaribia ukomo wa muda, anaweza kuanza kulipa kiasi alichopendekeza hata kabla hakijakubaliwa, kupitia akaunti rasmi ya anayedai, na kutunza kila risiti. Siku shauri likifika mahakamani, hakimu ataona mtu aliyekuwa akilipa kila mwezi kadiri ya uwezo wake, na hilo lina uzito mkubwa kuliko ahadi kubwa tatu zilizovunjwa.

Tugeukie vitisho. Kitisho kinachoumiza watu zaidi ni cha gerezani. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, katika ibara yake ya 11, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa kimkataba. Uingereza ilikwisha kukomesha sehemu kubwa ya kifungo cha madeni kwa sheria ya mwaka 1869. Naomba nieleweke sawasawa: zipo nchi ambazo mahakama inaweza kumweka kizuizini mdaiwa aliyekwisha kuhukumiwa kulipa, ikithibitika kwamba ana mali na anaificha au anakataa kwa makusudi, na udanganyifu wakati wa kukopa ni kosa la jinai mahali pengi. Lakini kukosa uwezo si kosa la jinai, na hakuna mkusanya madeni mwenye mamlaka ya kumpeleka mtu gerezani. Vilevile hawezi kuingia nyumbani kwa mtu na kuchukua mali ya deni lisilo na dhamana bila amri ya mahakama. Anayefika mlangoni aombwe kitambulisho na hati, na kama hana hati, mlango ubaki umefungwa.

Kuna vitisho vingine ambavyo mimi naviona viovu zaidi, navyo ni vya kumfedhehesha mtu: kuwapigia simu ndugu, majirani na mwajiri wake, kusambaza picha yake, kumtukana mbele ya watoto wake. Watunga sheria wengi wamekwisha kulitambua hilo. Nchini Kenya, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza vitisho, matusi na kuwatumia ujumbe watu waliomo katika orodha ya simu ya mdaiwa. Marekani, mkusanyaji anayepiga simu zaidi ya mara 7 ndani ya siku 7 kuhusu deni moja huchukuliwa kuwa anasumbua, na haruhusiwi kupiga kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku isipokuwa mdaiwa amekubali. Katika Uingereza na Wales, tangu Mei 2021 mdaiwa aliyepata ushauri wa madeni anaweza kupewa siku 60 za nafuu ambazo wadai wengi hawaruhusiwi kumfuata, na kwa sehemu kubwa riba na faini husimama. Popote mtu alipo, daftari la simu zilizopigwa, ujumbe uliohifadhiwa na majina ya walioshuhudia ndivyo vitakavyofanya malalamiko yake kwa msimamizi wa sekta ya fedha au mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi yasikilizwe.

Fedheha hiyo hufanikiwa kwa sababu mdaiwa anaificha. Walisema wahenga, kukopa harusi, kulipa matanga, na katika matanga haya mtu hukaa peke yake. Nawasihi, kwa moyo wote, mmwambie mwenzi wenu wa ndoa. Nimeona ndoa zikitikiswa na deni, lakini nimeona nyingi zaidi zikitikiswa na siri ya deni. Mweleze mtu mmoja au wawili mnaowaamini, ili simu ikimfikia ndugu, asisikie habari hiyo kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu anayetaka kumtisha. Na kama yupo mdhamini aliyetia saini, huyo ana haki ya kujua mapema kuliko wote, maana deni likikushinda litamgeukia yeye. Usingizi ukikukimbia na mawazo ya kujidhuru yakikujia, hilo ni jambo la kupelekwa kwa daktari au kwa mtu wa karibu siku hiyohiyo. Hakuna mkopo wenye thamani ya uhai wa mtu.

Hati ya wito ya mahakama ikija, hapo hakuna kunyamaza. Watu wengi hushindwa kesi za madeni kwa kutofika tu. Katika sehemu za Marekani zenye takwimu, shirika la Pew Charitable Trusts lilieleza mwaka 2020 kwamba zaidi ya 70% ya mashauri ya namna hii yalimalizika kwa hukumu ya upande mmoja, na wengi wa walioshtakiwa hawakuwa na wakili wala hawakujibu. Anayejibu kwa wakati anaweza kutaja ukomo wa muda, kudai nyaraka, kupinga riba, na akishindwa katika yote hayo bado anaweza kuiomba mahakama ipange malipo kwa awamu kulingana na bajeti yake. Mahakama kwa kawaida hutazama uwezo wa mdaiwa. Kwenye simu hakuna anayelazimika kuutazama.

Nimalizie na malipo ya mkupuo. Mnunuzi wa deni la zamani wakati mwingine hukubali sehemu ya deni ilipwe mara moja na salio lisamehewe, na kwa aliyepata kiinua mgongo au msaada wa ndugu hiyo inaweza kuwa njia bora. Fedha zisitoke mpaka barua ya makubaliano iwe mkononi, ikisema wazi kwamba kiasi hicho kinamaliza deni lote, kwamba salio halitadaiwa wala kuuzwa kwa mwingine, na kwamba taarifa itarekebishwa katika ofisi za taarifa za mikopo, zinazotunza kumbukumbu za wakopaji. Fedha hizo zisiwe za kukopa, wala zisiwe zile zilizotengwa kwa ajili ya nyumba.

Na baada ya rejesho la mwisho, liwe la mkupuo au la awamu, mdaiwa adai barua inayothibitisha kuwa hadaiwi tena, kisha baada ya miezi miwili au mitatu aombe taarifa yake ya mikopo aone kama imerekebishwa. Barua hiyo aitunze pamoja na risiti zote, na nakala yake aiweke kwa mtu mwingine, kwa kuwa madeni yaliyokwisha kulipwa nayo huingizwa katika orodha zinazouzwa, na mnunuzi mpya akipiga simu atataka kuonyeshwa karatasi.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa nipo tayari kwa maswali yenu.